Siku Mia na Themanini za Mkaguzi

Paka wetu anaitwa Mkaguzi, kwa sababu katika nyumba yangu sufuria haikuwahi kufunuliwa bila yeye kufika kuchungulia. Jina alipewa na mjukuu wangu akiwa na miaka saba. Alipofikisha tisa, mama yake, yaani binti yangu, akapata kazi ng'ambo. Wakatangulia wao wawili, nami nikaachwa nyuma nifunge nyumba kisha niwafuate na paka.

"Bibi, usimsahau," mtoto aliniambia mlangoni, mkoba mgongoni.

"Nimsahau mwenye nyumba? Nitalala wapi?" nikamjibu. Akacheka, akaenda zake.

Nchi waliyokwenda haina kichaa cha mbwa, wala haitaki kukijua. Mnyama anayeingia huko lazima kwanza awekwe chipu, kidude kama punje ya mchele chenye namba yake, kinachoingizwa chini ya ngozi ya shingo. Baada ya hapo ndipo achanjwe. Ukifuata mpangilio huo, akifika anakaa karantini siku kumi tu. Ukiupindua, chanjo haihesabiwi, anaanza upya kulekule kizimbani: siku mia na themanini.

Daktari wa wanyama alinieleza hayo yote mara mbili, taratibu. Ni mama mpole, anavua miwani kila anapotaka kusema na mtu. Alipomaliza kueleza akatoa sindano ya chipu. Jamani, ile si sindano, ile ni ya kushonea magunia! Mkaguzi akalia kilio ambacho sijawahi kumsikia akilia, akajichimbia kwapani kwangu.

"Daktari," nikasema, "leo mchome ile nyembamba ya chanjo. Hii nene tutaifuata mwezi ujao."

"Mama, chipu ndiyo inayotangulia."

"Nimesikia. Lakini mwone anavyotetemeka."

Akavua miwani. "Haya. Chanjo ya leo itamkinga na ugonjwa, ila kwa safari haina kazi. Mwezi ujao tukimwekea chipu, tunamchanja tena siku hiyohiyo. Nakuandikia usije ukasahau." Akaandika, nikaitia karatasi mfukoni.

Mwezi uliofuata nikamkosa daktari, kaitwa shambani kwenye ng'ombe aliyekwama kuzaa. Msaidizi wake, mzee mwenye mvi, ndiye aliyeweka chipu. Mkaguzi akapiga yowe, akanikwaruza mkono mpaka damu. Yule mzee akauliza, "Kuna kingine, mama?"

Karatasi ilikuwa mfukoni. Niliigusa kwa vidole. Nikasema, "Hakuna, baba. Tumemaliza."

Nimejiuliza sana kama ile ilikuwa huruma. Nusu, labda. Nusu nyingine ni ubishi wa mtu mzima anayedhani watu wa mbali hawasomi tarehe.

Wanasoma, tena kwa kidole. Tulipotua uwanja wa ndege wa huko, afisa aliweka cheti cha Mkaguzi mezani, akapitisha kidole mstari kwa mstari, halafu akapitisha tena. "Mama, chanjo imetangulia chipu. Nani alifanya hivi?"

Nikainama kukaza kamba ya kikapu. Wakamchukua Mkaguzi na kikapu chake.

Nyumbani kwa binti yangu, mtoto alikuwa amebandika karatasi kwenye friji, amechora visanduku kumi vya kukata siku moja moja. Alipoambiwa, hakulia. Alikwenda kuleta rula. Akachora visanduku mpaka karatasi ikajaa, akaunganisha nyingine kwa gundi, na nyingine, mpaka zikaning'inia kufika sakafuni.

"Daktari gani huyo asiyejua kazi yake?" binti yangu akafoka.

Nami nikafungua mdomo wangu huu nikasema, "Labda alichanganyikiwa."

Maneno mawili tu, lakini yakatosha. Binti yangu akaanza kuandika barua kwa baraza la madaktari wa wanyama, na kila jioni aliongeza maneno makali zaidi. Jumamosi, siku ya kumtembelea Mkaguzi, alinisomea akiwa anavaa viatu: "'...mtu huyu hafai kushika sindano tena.' Imekaa vizuri, mama? Tukirudi naituma."

"Imekaa," nikasema. Akilini nikamwona yule daktari akivaa miwani aisome.

Kituo cha karantini ni safi kuliko jiko langu. Vizimba vimepangwa mstari, kila kimoja na rafu na beseni la mchanga. Mkaguzi alikuwa juu ya rafu, ametupa mgongo. Mtoto akamwita kwa kila jina la utani analolijua. Hata sikio halikugeuka.

"Bibi, tega kitendawili. Anaipenda sauti yako."

Nikashika waya. "Kitendawili."

"Tega."

"Nimetoka nacho nyumbani, uwanjani hawakukipima, na kimenilemea kuliko sanduku."

"Usingizi? Njaa?" Akafikiri. "Nimeshindwa, Bibi. Chukua mji wowote unaoutaka."

"Siutaki mji, mke mwenzangu. Jibu ni kosa langu. Daktari hakukosea. Alinieleza. Mimi ndiye niliyetaka chanjo itangulie, halafu nikasahau kuirudia."

Binti yangu akageuka. "Mama! Na barua ile?"

"Ichane. Au andika jina langu palipo na lake."

Mtoto alinitazama. Ananijua huyu, amelala mgongoni kwangu miaka mingi. "Ulisahau, Bibi? Kweli?"

Nikauachia waya. Kwenye kizimba cha jirani paka mwingine alikuwa akikuna, kru, kru, kru.

"Sikusahau," nikasema. "Aliniandikia. Karatasi ilikuwa mfukoni, nikaulizwa, nikasema hakuna."

Mtoto akarudi nyuma hatua moja, akanionyesha kizimba. "Mwambie yeye. Ndiye anayekaa humo."

Basi nikamwambia paka, mimi mwenye wajukuu, mbele ya mtunzaji aliyesimama na ufagio wake akisikiliza. Nilimweleza habari ya sindano nene, ya yule mzee mwenye mvi, na yale maneno mawili niliyoyasema jikoni. Mkaguzi aligeuza kichwa, akanitazama vile alivyokuwa akitazama sufuria isiyo na nyama, akarudisha mgongo.

"Karatasi hujamtajia," mtoto akasema. "Jumamosi ijayo umwambie tena, na uanzie hapo."

Kengele ya kutoka ikalia. Binti yangu alikuwa ameshatoa simu, akanikabidhi, namba ya daktari ikiwa kwenye kioo. "Na huyu je? Mwambie mwenyewe."

Nikabaki barazani nikisikiliza simu ikiita. Wao wakatangulia kwenye gari, mtoto kamshika mama yake mkono.