Sinki Lisilopungua Maji

Mtu akikwambia kidimbwi cha kwenye sinki ni mchezo wa kitoto, mwachie sinki lenyewe kwa wiki moja halafu uje umsikilize. Langu ni lile sinki zito la kauri nyeupe tulilong'oa jikoni mwaka tulipohamia nyumba hii. Limekaa uani kando ya ukuta, hatua tisa kutoka mlango wa nyuma. Niliziba tundu lake, nikaweka kokoto chini, nikapanga mawe upande mmoja ili mnyama akitumbukia aweze kupanda, nikapanda majani ya majini aina tatu. Mwezi wa tatu chura mmoja, nisiyemjua wala kumwalika, akaja akataga humo.

Mume wangu Alwyn alipeleka barua mji huu kwa miguu miaka thelathini na minne. Kila mlima wa hapa Yorkshire anaujua kwa visigino vyake. Oktoba kiharusi kikampiga, mguu na mkono wa kulia vikalegea. Mtaalamu wa viungo akasema atembee kidogo kila siku. Lakini Februari alianguka kwenye ngazi ya jikoni, nikamkuta chini na damu usoni, na tangu siku hiyo nikaweka sheria: hatoki bila mimi. Mtaalamu alipokuja tena nilimwitikia kwa adabu, nikampa chai, nikaendelea na sheria yangu.

Basi Alwyn akawa mtu wa kiti cha dirishani. Hakugombana nami. Ingekuwa heri angegombana, maana alinyamaza tu, siku nzima, uso umeelekea ukutani. Kilichomgeuza ni viluwiluwi. Vilipototolewa aligeuza kiti, akatazama sinki, na asubuhi moja akaniuliza, "Wameota miguu?" Nusura nidondoshe sufuria. Kuanzia hapo likawa swali la kila staftahi, nami nikala yamini kwamba vyura wale watakua, hata kama itabidi niwalee mwenyewe.

Ndiyo maana Mei, maji yalipogeuka kijani kizito kama supu ya njegere, nilishikwa na hofu kweli. Kidimbwi kikifa, nilijua kiti kitarudi kuelekea ukutani.

Nilifanya yote yanayofanywa. Nilizungusha nyuzi za mwani kwenye kijiti kama tambi, nikaziacha ukingoni usiku kucha ili vidudu vilivyonasa virudi majini. Niliopoa majani yaliyooza. Nilitia mabua ya shayiri, yanayosemekana kuzuia mwani, kwenye soksi kuukuu nikayaning'iniza humo, na chungu kikubwa cha mmea nikakisogeza kizuie jua la mchana. Maji yalitakata siku mbili, ya tatu supu ikarudi.

Siku moja, nimeinama hapo najilaumu, nikaona jambo lililokuwa mbele ya macho yangu muda wote. Mvua haikunyesha kwa wiki tatu. Pipa la maji ya mvua, huko mwisho wa bustani, lilikuwa limeshuka nusu. Mimi sikuongeza maji hata tone. Na sinki limejaa pomoni.

Kuna mtu alikuwa anatia maji ya bomba, na maji ya bomba ndiyo chakula cha mwani.

Sikutafuta mbali. Jirani yetu Clive Ormerod, mgane wa miaka sabini na kitu, ana mawaridi, na ana mpira wa kumwagilia ambao hutoka nao kila asubuhi kama mtu anayetembeza mbwa. Na ua kati yetu ni mbao zinazomfika kifuani tu. Lakini huku kwetu kumuuliza jirani "ni wewe?" ni sawa na kumtupia jiwe dirishani. Tunazunguka mbuyu hata kama mbuyu wenyewe hatujawahi kuuona.

"Clive, kiangazi hiki, eh?" nilimwambia Jumatatu, juu ya ua.

"Kikavu, Noreen. Kikavu kweli."

"Nimesoma mahali eti maji ya bomba hayafai kwenye vidimbwi."

"Kumbe!"

"Yanalea mwani."

"Maskini." Akatazama mawaridi yake. "Bora mtu ajue."

"Bora ajue," nikasema, nikaingia ndani nimeridhika.

Wiki ikapita, sinki limejaa vilevile. Nikaoka keki ya limau, nikampelekea na kadi: *Kwa jirani mwema. Sinki letu hunywa maji ya mvua TU.* Akarudisha sahani imeoshwa na kukaushwa. "Keki tamu sana, Noreen," akasema. Kuhusu maji, kimya.

Wiki ya tatu uvumilivu ukaniishia. Nikamfuata mpaka kwenye ua nikamwambia, "Clive, kama kuna mtu anaongeza maji kwenye sinki langu, najua ana nia njema. Lakini anawaua viluwiluwi."

Akawa mwekundu mpaka masikioni. Akatazama nyuma yangu, kwenye dirisha letu, halafu chini. "Samahani sana, Noreen. Samahani kweli."

"Basi yamekwisha."

"Haitatokea tena," akasema. "Nadhani."

Ile "nadhani" ingenishtua, lakini nilikuwa nimeshinda, na mshindi hasikilizi vizuri.

Jumanne huwa naenda kwa muuza nyama na duka la dawa, saa nne mpaka saa tano na nusu. Jumanne iliyofuata nilifika njia panda nikagundua nimeacha karatasi ya daktari mezani. Nikarudi kwa kichochoro cha ubavuni, kwa haraka, na nilipofika pembe ya nyumba nikasimama.

Alwyn alikuwa nje. Peke yake. Jagi la maziwa limejaa maji ya bomba katika mkono wa kushoto, bega la kulia linakwaruza ukuta, mguu wa kulia anauburuta, anasimama, anauburuta tena. Upande wa pili wa ua alisimama Clive, bila mpira, mikono yote miwili juu ya mbao tayari kuruka.

"Tano," Clive akahesabu. "Polepole, mzee. Sita."

"Nyamaza, unanichanganya."

"Ukijimwagia tena suruali atajua."

"Atakulaumu wewe."

"Ameshanilaumu, bwana! Nimekula mpaka keki ya lawama!"

Nilitaka kupiga kelele. Kwanza kwa hasira, maana wanaume wawili wazima walinigeuza mjinga katika ua wangu mwenyewe. Halafu hofu: nikaona damu ya Februari, nikaiona wazi, na mguu wangu ukawa umeshatangulia. Nikauzuia. Alwyn alifika. Akaegemea ukingo wa sinki, akamimina taratibu kama mtu anayemnywesha mgonjwa, akainama.

"Clive! Kuna mmoja ana miguu ya nyuma! Miwili!"

Akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu Oktoba. Nililia pale kichochoroni na sioni sababu ya kuficha. Nililia kwa furaha, na kwa aibu pia, maana mtu aliyemfunga kwenye kile kiti hakuwa kiharusi peke yake.

Nilisubiri arudi ndani, nikielewa sasa kwa nini Clive hakumfikishia onyo langu, maana lingekomesha hatua zile, kisha nikazunguka mpaka mlango wa mbele. Nikakohoa, nikachezesha ufunguo, nikadondosha mfuko makusudi. Nilipoingia alikuwa kitini, mashavu mekundu, ndara moja imelowa.

"Umerudi mapema," akasema.

"Nimesahau karatasi ya dawa."

"Ah."

Nikabandika birika, nikakaa mkabala naye. "Alwyn, ugonjwa wa sinki nimeujua."

"Eh?" Hakunitazama.

"Ni maji ya bomba. Kuna mtu mwenye moyo mzuri aliona maji yanapungua, akawahurumia. Hakujua anaulisha mwani."

"Sasa wafanyiwe nini?"

"Wapewe maji ya mvua, ya kule kwenye pipa. Mimi mgongo wangu umechoka kubeba." Huo ulikuwa uongo mtupu, mgongo wangu ni wa punda.

Alilitazama pipa kupitia dirisha kwa muda mrefu. Niliujua mtazamo ule. Ndivyo alivyokuwa akiutazama mlima wa Cragg Lane asubuhi za barafu, mfuko wa barua begani.

"Ni mbali," akasema.

"Hatua ishirini na sita. Nimezihesabu."

"Na ukuta unaishia njiani. Hakuna pa kushika."

"Hakuna. Lakini kuna Clive."

Hapo akanigeukia. "Umeona."

"Nimeona."

"Toka wapi?"

"Toka hatua ya tano."

"Na hukupiga kelele?"

"Nilitaka, Alwyn. Mungu shahidi wangu."

Akainuka. Ilichukua muda. Nilishika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili ili isimwendee. Akachukua jagi tupu, akafika mlangoni, akasimama bila kugeuka.

"Noreen, usinifuate."

"Sikufuati."

Nikamsikia Clive akishtuka huko nje. "We! Yuko ndani huyo!" Na Alwyn akamjibu, "Najua. Hesabu."

Wakaanza. Moja, mbili, tatu. Sauti ya Clive ilikuwa ikitembea sambamba naye upande wa pili wa ua. Tisa ikapita, wakaliacha sinki nyuma. Birika likaanza kulia, nikalizima nipate kusikia. Kumi na mbili. Kumi na tatu, hapo ukuta unaishia. Kumi na nne.

Halafu kimya.

Nilikaa. Vidole vyangu vilikuwa vyeupe kwenye mbao za meza, na kila kitu ndani yangu kilikuwa kinasimama. Nilikaa.

"Kumi na tano," Clive akasema.