Ndala Hutoka Saa Kumi

“Mpunga wangu si njia, Mwajabu!”

“Nimekusikia, shoga.”

“Jana umenisikia, juzi umenisikia. Leo njoo uone kwa macho yako.”

Sikudhani alimshika mkono akamvuta mpaka kwenye turubai lililotandazwa uani, nyuma ya nyumba zao mbili zinazopakana. Mpunga ulikuwa juu yake tangu jana. Hakuuzoa jioni makusudi, ushahidi usipotee. Katikati ya mpunga zilipita alama za ndala, kulia na kushoto, zimenyooka kama za mtu mwenye haraka ya kufika kwake.

“Hizi ndala za nani?”

“Zangu.”

“Na miguu?”

“Miguu ilikuwa kazini. Muulize Dulla, karani wetu.”

“Mimi miguu yako naitakia nini? Kuna njia pale, watu wanapita, hata mbuzi wanapita. Hizo ndala zako zina ubibi gani hata zisizunguke?”

Mwajabu alizitazama zile alama. Ndala ni zake kweli, kazinunua mwenyewe sokoni, lakini njia ya mkato zilijichagulia zenyewe.

Sikudhani aliinama akaanza kuzoa mpunga, mdomo ukifanya kazi sambamba na mikono. Alisema anauhamishia mbele, upande wa barabara, akaone kama huko nako ndala zitamfuata. Alisema tangu leo hataki kujua mambo ya uani. Kisha akasimama, hasira ikampungua kidogo, maana yeye ndiye aliyekuwa akimpa uji mama yake Mwajabu kila mchana.

“Halafu jana nimemsikia mama yako. Alikuwa anaziambia hizo ndala: kesho, mwanangu, nataka nikupe radhi yangu, na nina la kukwambia. Usichelewe.”

“Alisema kesho?”

“Kesho yake ndiyo leo. Haya, chukua na chekeche lako uende.”

Mambo ya ndala yalianzia ghalani kwa Abdulrazaq, mnunuzi wa ufuta hapo Ikwiriri. Wanawake pale wanachekecha ufuta, wanapepeta, wanachambua mawe na vijiti, kisha wanajaza magunia yanayopakiwa kwenye lori la Dar es Salaam. Makubaliano ni kuanzia asubuhi hadi saa kumi. Shida ya Abdulrazaq, kama alivyoieleza mwenyewe, ilikuwa hajui nani yupo na nani hayupo.

Alianza na daftari la mahudhurio. Wanawake wakasainiana, hata Hafsa, aliyekuwa amelazwa wodi ya wazazi, akaonekana amewahi kazini kuliko wote. Abdulrazaq akaleta mashine ya alama za vidole kutoka Kariakoo. Vidole vilivyosuguliwa na chekeche na mpini wa jembe mashine haikuvitambua, na mwanamke wa Kizungu aliyemo ndani yake akawa anawaambia kutwa nzima wajaribu tena, mpaka umeme ulipokatika naye akapumzika. Mpwa wa Abdulrazaq akamshauri programu ya simu: mtu abonyeze akiingia, abonyeze akitoka. Nusu ya simu zilikuwa za kitochi. Nusu iliyobaki haikuwa na bando.

Bosi akaita kikao. Watu walikaa juu ya magunia. Mwajabu ndiye aliyefungua mdomo.

“Bosi, wewe ukienda kwa mtu, unajuaje kama yupo?”

“Napiga hodi.”

“Kabla ya hodi?”

Abdulrazaq alifikiri. “Naangalia viatu mlangoni.”

“Basi si hivyo tu?”

Ghala zima lilicheka, vigelegele vikapigwa. Siku hiyohiyo ubao mrefu ukawekwa kwenye baraza, karibu na geti. Ndala zikiwepo ubaoni, mwenye ndala yupo. Zikiondoka, ameondoka. Kazi ya Dulla, karani, ilikuwa kupita na kuangalia. Haikutaka umeme wala bando, na kumsainia mwenzio ilimaanisha utembee peku. Abdulrazaq alimsifu Mwajabu mbele ya wote, akamnunulia soda, na Mwajabu akaenda nayo kwa mama yake nusu chupa.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Kisha lori likaanza kuchelewa, na Abdulrazaq akasema wangoje kidogo. Kidogo yake ilifika magharibi. Siku hiyo, saa kumi ilipotimia, ndala zote zilizokuwa ubaoni ziligeuka, zikajikung’uta vumbi, zikatoka. Mlinzi alizifungulia geti. Zilisimama ukingoni mwa barabara kuu zikapisha basi la Lindi, zikavuka, na zilipofika sokoni zikaachana, kila jozi ikashika njia ya kwao.

Dulla alimwendea bosi akamwambia wanawake wametoka saa kumi.

“Sisi hatujatoka,” wakasema wanawake, chekeche mikononi. “Si tupo hapa, unatuona?”

“Nawaona,” Abdulrazaq alisema kwa upole. “Lakini utaratibu mmeutaka wenyewe. Ndala zikitoka, mtu ametoka. Mkiendelea kuwepo baada ya hapo, mnanisaidia tu, na mimi nashukuru. Asiyetaka kunisaidia, asubuhi kuna wenzenu wanakuja na basi kutoka Nyamwage, wanaulizia nafasi kila siku.”

Ikawa ndiyo desturi. Ndala zilitoka saa kumi, wenyewe walirudi na giza, peku, mmoja akimwangazia mwenzake vipande vya chupa. Duka la dawa la pale sokoni likaagiza plasta nyingi zaidi. Walijaribu kuzifunga ndala kwa kamba; zikaondoka na ubao, na siku iliyofuata Dulla akawataka waurudishe. Waliokuja peku tangu asubuhi walihesabiwa hawakuja.

Kwa wengine hasara yake ilikuwa kelele za waume na watoto. Kwa Mwajabu ilikuwa mama. Mumewe alikwenda Kiongoroni kukata mikoko akapata mke huko huko, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya watu wawili, yeye na Bi Maimuna. Bi Maimuna alipooza upande mmoja, na macho yaliingia ukungu. Ulimi wake ulikuwa ukifunguka baada ya alasiri na kufunga jua likizama. Muda mwingine wote alikuwa akisikiliza tu.

Alasiri alilala kwenye kitanda cha kamba uani. Alizisikia ndala zikivuka mpunga wa jirani, akazijua, kwa sababu Mwajabu huburuta kidogo mguu wa kushoto. Ndala zilikuja zikasimama pembeni ya kitanda, sambamba.

“Umerudi, mwanangu?”

Ndala zilisogea kidogo mbele. Bi Maimuna akaanza kuongea.

Mwajabu aliporudi usiku alimweleza: mama, si mimi, ni ndala tu. Mama alisikiliza vizuri. Kesho yake akaziita mwanangu vilevile. Yaliyosemwa alasiri Mwajabu aliyapata kwa Sikudhani, aliyekuwa upande wa pili wa ua wa makuti akigeuza mpunga wake, na Sikudhani hakuwa mtu wa kuacha neno lidondoke. Alimpa yote, na chumvi yake juu.

Basi asubuhi ile ya ugomvi Mwajabu alifika ghalani, akaacha ndala ubaoni, akaenda moja kwa moja ofisini.

“Bosi, leo naomba saa kumi niondoke. Mimi mwenyewe.”

“Kuna nini?”

“Mama anataka kunipa radhi. Anaongea alasiri tu.”

Abdulrazaq alisikitika, na alisikitika kweli. Alimuuliza mama anaendeleaje, anakula nini, kapelekwa hospitali gani. Kisha akamwita Dulla, akamuuliza Mwajabu hutoka saa ngapi.

“Saa kumi,” Dulla alisema. “Kila siku. Hajawahi kupitiliza.”

“Unaona? Mimi sijakuzuia hata siku moja, dada yangu. Kwangu mimi saa kumi wewe uko kwa mama yako. Sasa ruhusa unayoomba ni ya kutoka mara mbili?”

“Leo tu, bosi.”

“Leo lori liko njiani. Ukitoka leo, usije kesho.”

Mwajabu alirudi kwenye chekeche. Saa kumi alisikia ndala zikishuka ubaoni, akazitambua zake kwa ule mguu wa kushoto. Alizisindikiza kwa masikio mpaka getini. Lori lilifika baada ya isha.

Alipofika nyumbani, ulimi wa mama ulikuwa umeshafunga. Mama alikuwa amelala, amekumbatia ndala moja kifuani kwa mkono wake mzima, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyemaliza kazi. Mwajabu alibisha kwa Sikudhani.

“Amesema nini leo?”

Sikudhani alishika mdomo. “Shoga yangu, mimi leo nilianika mbele.”

Mwajabu akarudi kwa mama, akakaa chini, akaiuliza ndala iliyobaki. Ilikuwa ya mpira, haikusema kitu. Bi Maimuna alifariki alfajiri.

Shehe wa mtaa, alipokuja kumfariji mfiwa, aliuliza kama anavyouliza siku zote: “Radhi uliipata?”

“Zimeipata ndala.”

“Basi zitunze,” akasema shehe, akaenda kuangalia jeneza.

Siku ya khitma Abdulrazaq alikuja na gunia la mchele, Dulla akiwa amelibeba. Walimpa kiti chini ya turubai, na dua ilipokwisha aliomba aseme neno moja.

“Huyu mama amehudumiwa,” alisema. “Mimi ni mwajiri wake, ninayo kumbukumbu. Tangu tuanze utaratibu wetu, hakuna siku ambayo saa kumi binti huyu hakuwa kwa mama yake. Vijana wa leo, nani anafanya hivyo?”

Wanaume wakasema mashaallah. Abdulrazaq akaongeza kwamba wenye maghala wa Kibiti walikuja juzi kuuona ule ubao, nao wanataka wa kwao.

Jikoni, Sikudhani alichomoa mwiko kwenye sufuria ya pilau. “Niachie nimwendee. Namwendea na huu huu.”

“Muache.”

“Nimuache nini? Anadanganya watu matangani!”

“Hajadanganya,” Mwajabu alisema. “Ndivyo inavyojulikana.”

Dulla alichungulia mlangoni, kofia mkononi. Alisema pole sana, dada. Alisema pia bosi anauliza kama kesho ataweza kufika, kwa vile lori jingine nalo liko njiani.

“Mwambie nitafika.”

Mwajabu alichukua birika la maji na beseni, akajitanda kanga vizuri, akatoka mpaka mbele ya kiti cha Abdulrazaq.

“Karibu ndani, bosi,” akasema. “Nawa mikono ule, chakula kimeiva.”