Chupa Zilizojaa Mpaka Shingoni

Kitendawili! Nisipouza nina deni, nikiuza nina hasara. Usikimbilie jibu, hata Mhazini, mwanafunzi mtunza hela wa kundi lake, alikuwa halijui alipopanga chupa za sabuni ya maji mezani, asubuhi ya soko la shule.

Soko lenyewe lilikuwa somo. Mwalimu wa biashara alikopesha kila kundi mtaji wa elfu kumi na sita, watengeneze kitu na kukiuza. Bei ikishaandikwa ubaoni haibadilishwi. Kengele ya saa sita ikilia, mtaji urudi, kinachobaki ni faida. Usipotimia, mzazi wa mhazini anaziba pengo. Mama yake, fundi cherehani, alitia sahihi fomu hiyo huku sindano ikiwa mdomoni.

"Nimetia, mwanangu," alisema alipoitoa. "Lakini kodi ya chumba ni keshokutwa, na nimeipima hadi senti ya mwisho. Pengo likija kwangu, mwenye nyumba nimlipe nyuzi?"

Maneno hayo Mhazini alilala nayo, akaamka nayo. Hesabu, hata hivyo, ilikuwa safi: ndoo ya lita ishirini, chupa arobaini za nusu lita, mia tano kila moja. Elfu ishirini! Kazi ya kujaza alipewa Bonge, mwenzake wa kundi.

Wanunuzi walijaa kama siafu. Saa nne na nusu, chupa ishirini zilikuwa zimekwenda. Mhazini akainama chini ya meza, akahesabu zilizobaki. Kumi na moja. Akahesabu tena kwa kuzigusa vifuniko. Kumi na moja.

"Bonge, nyingine ziko wapi?"

"Nyingine zipi? Ndoo ilikwisha. Zilitoka thelathini na moja."

"Ulipima kwa kikombe cha nusu lita?"

"Kikombe cha nini, na chupa ina shingo? Nilijaza mpaka shingoni. Naona aibu kumpa mtu chupa pungufu."

"Aibu yako atailipa mama yangu!"

Chupa zenyewe walikuwa wameziokota na kuziosha, na kila moja ilizidi nusu lita. Wakiuza zote, watapata elfu kumi na tano na mia tano. Pengo la mia tano. Kwa mwenye nazo, hiyo ni hela ya kusahau mfukoni. Kwa mama yake ni mlango kufungwa kufuli.

"Lete ndoo," alisema. "Mimina zote."

Wakapima upya kwa kikombe, povu likimrukia Mhazini usoni. Zilitoka kumi na nne. Chupa tupu tatu zikakosekana. Bonge akanywa maji ya chupa yake kwa mkupuo, akanywa na ya Mhazini, chupa ya tatu akaiomba meza ya jirani.

"Mnahama au mnauza?" jirani akawacheka.

Mara akafika mpishi wa shule, akainua chupa juu ya macho.

"Hee! Ya mwenzangu imejaa mpaka shingoni, yangu imeishia kifuani. Mmeniona mjinga, wajukuu zangu?"

Bonge akafungua mdomo, "Ni povu, bibi, lime..." Mhazini akamkanyaga mguu.

"Si povu, bibi. Ubao unasema nusu lita. Wa mwanzo tuliwazidishia kwa kosa letu. Kikombe hiki hapa, pima mwenyewe."

Mpishi akapima, taratibu, bila kumwaga tone.

"Nusu kamili. Nami nikipakua kama mlivyowapakulia wa mwanzo, mtoto wa mwisho hulamba sufuria." Akanunua mbili.

Lakini wawili wakaondoka kwenye foleni wakinung'unika, na kila aliyefika aliuliza lile lile. Mhazini alijibu, jicho kwenye kengele. Chupa sita. Nne. Tatu. Mlinzi wa lango alikuwa bado anatafuta mia tano mfukoni wakati mtu wa kengele alipoinua nyundo. Mlinzi akaiweka hela mezani. Kengele ikalia.

Mwalimu alihesabu mara mbili. Elfu kumi na sita, si zaidi. Akaichana fomu ya mama katikati.

"Na faida?"

"Chupa mbili, Mwalimu."

Wakagawana moja moja. Bonge akaitazama yake, akaanza kuimimina kwenye ya Mhazini.

"Ngoja nimjazie mama mpaka shin..."

"Weka chini!" Mhazini akafoka, kisha akacheka, kwa mara ya kwanza tangu alfajiri.