Blanketi la Sanduku la Mkafuri

Tangu hospitalini Meizhou, kusini mwa China, walipomtoboa kisigino mtoto Kwetfa na kusema damu yake ina upungufu wa kimeng'enya, hivyo maharage mapana yangeweza kuiharibu, Bibi Sukmui hakuruhusu hata punje yake moja ivuke kizingiti. Jirani aliyeleta bakuli la maharage hayo alirudi nalo.

"Mama, mtoto hana hata jino!" Yunlan, mkwe wake, alimcheka.

"Wewe unakula, yeye ananyonya. Cheka tu."

Siku ya karamu ya mtoto kutimiza mwezi, Bibi alifungua sanduku la mbao za mkafuri, akatoa blanketi la pamba alilolishona mwaka aliofiwa na mumewe, akimwazia mjukuu atakayezaliwa. Miaka sita lilikaa katikati ya vidonge vyeupe vya kufukuza nondo, na halikuliwa hata uzi. Akamfunika mtoto, akamshukuru Kwanim, Mama wa Huruma.

Siku ya tatu alipombadilisha nepi, mkojo ulikuwa mweusi kama chai iliyokolea. Akamsogeza dirishani. Macho yalikuwa ya manjano.

"Yunlan, chukua kadi ya kliniki. Tunaondoka sasa hivi."

Mbele ya daktari, Yunlan aliangua kilio. "Ni mimi! Juzi nilikula tambi kwa jirani, pengine walitia maharage."

Daktari, binti mwenye miwani, alikuwa akimnusa mtoto. Bibi alimtazama, akaikumbuka harufu ya sanduku, kisha akamtazama mkwewe anavyojipiga kifua. Angenyamaza, nani angejua?

"Si yeye," akasema. "Ni blanketi langu. Lilikaa na vidonge vya nondo."

"Basi ndiyo hiyo harufu. Inaingia mpaka kwenye damu. Chembe zake nyekundu hazina cha kujikinga nacho, utando wake unapasuka. Tutamwongezea damu."

"Nimemfunika sumu."

"Ulimkinga na baridi, Bibi. Umesema mapema, tumeokoa muda."

Bibi alikaa kwenye benchi siku mbili, shanga za sala mkononi, akikagua kila nepi. Ya kwanza ilikuwa nyeusi, zilizofuata za hudhurungi. Asubuhi ya tatu ilikuja nyeupe, imelowa mkojo mwangavu kama maji. Aliinua nepi ile juu kama bendera.

Yunlan akamletea mtoto, halafu akasita.

"Mama, kabla hujampokea, ngoja nikunuse."

Bibi Sukmui alinyoosha mikono yote miwili, akatulia, akanuswa.