Mafuta ya Cherehani kwenye Breki

Haya ninayowasimulia ni kweli tupu, hayana hata punje ya chumvi. Naapa kwa macho yangu yote mawili na kwa meno yangu yaliyobaki, ambayo ni mengi kuliko watu wanavyodai. Anayetaka kubisha atabisha, lakini kwanza asikilize.

Mtaani kwetu kuna mshonaji tunamwita Pindo. Maisha yake yote ameshona sare: za shule, za walinzi, za wauguzi. Siku alipostaafu kiwandani, miguu yake haikupewa taarifa. Akiketi kula, mguu wa kulia unakanyaga hewa chini ya meza kama vile kuna cherehani, mpaka mkewe anashikilia bakuli la mchuzi lisimwagike. Akilala, asubuhi shuka zinakutwa zimepindwa kingo.

Basi mtu huyo asiyetulia akapata sababu ya kutotulia zaidi. Binti yake wa pekee, aliyeolewa mbali, mipaka miwili kutoka hapa, alijifungua. Akapiga simu: mtoto mzima, mama mzima. Ila sasa atakuwa nyumbani analea, angependa kushona, na kama kuna kitu anakitaka kutoka kwao ni ile cherehani ya miguu aliyojifunzia utotoni. Mabasi yakakataa kuipakia. Chuma kile kilikuwa kizito hivi kwamba ukikiburuta uani, nyumba ya jirani inasogea kidogo.

"Nitaipeleka mwenyewe kwa gari," Pindo akasema.

Gari lilikuwepo, pikapu kuukuu yenye turubai nyuma. Asiyekuwepo ni mtu wa kulijua. Pindo alijua kuliwasha, kulikanyaga na kumwomba Mungu.

Mkewe alikuwa muuguzi mpaka alipostaafu, haogopi damu wala maneno. Alimsikiliza mumewe mpaka mwisho, kisha akaweka sharti.

"Huko njiani kuna pori, hakuna gereji wala mtu wa kumwita. Mdogo wangu akufundishe. Siku akiniambia umeiva, napanda. Ikifika Jumamosi hajaniambia, mimi napanda basi nikamwone mjukuu wangu. Wewe na cherehani yako mtabaki hapa mkitazamana."

Huyo mdogo wake ana gereji chini ya mteremko, nyuma ya soko. Tunamwita Spana. Na mnajua wenyewe, shemeji na shemeji hawaachiani nafasi. Jumatatu Spana alipokuja kufungua, alimkuta Pindo amesimama langoni, futi ya kupimia nguo ingali shingoni.

"Shemeji, umekuja kunishonea kaunda?"

"Nimekuja kusoma. Anza."

"Ngoja basi ninywe chai."

"Utakunywa huku unafundisha."

Wakaanza na gurudumu. Pindo akaliinua gari kwa jeki, akafungua nati, akatoa tairi, akapachika la akiba. Kila kitu kwa haraka, kama mtu anayekimbizwa na mvua. Alipoanza kukaza, Spana akaweka kikombe chini.

"Unafanya nini hapo?"

"Nakaza."

"Unazunguka kama unapinda gauni. Ukienda moja baada ya nyingine hivyo, gurudumu linakaa upande. Kaza hii, kisha ile inayotazamana nayo. Halafu rudi huku."

Pindo akafikiri. "Kumbe ni kama kubana kola kwa pini kabla ya kushona."

"Kola siijui mimi. Kaza."

Wakaenda kwenye mkanda wa feni, jinsi ya kuubonyeza kwa dole gumba ujue umelegea au la. Hapo Pindo alimshangaza mwalimu wake, kwa sababu mikanda ameibonyeza tangu ujana. Wakasafisha vichwa vya betri. Wakajaza maji kwenye rejeta, na Pindo akafundishwa kutofungua kifuniko injini ikiwa ya moto, baada ya kukifungua injini ikiwa ya moto. Mvuke ule ulipanda juu, ndege wakabadili njia.

Jumatano akawa amebakiza somo moja, breki. Spana akamwambia asubiri mpaka Ijumaa, kwa kuwa alikuwa na lori la mtu limelala gereji na mwenyewe amekaa juu yake akilia.

Kusubiri ndiko Pindo hakuwahi kufundishwa. Alipanga mizigo kwenye pikapu, akaishusha, akaipanga upya. Alifunga cherehani kwa kamba, akaona fundo halijakaa vizuri, akafungua. Kila akiingiza gari uani na kukanyaga breki, zinalia kwiii. Mlio ule ulimwingia kwenye meno. Akisikiliza redio anausikia. Akiongea na binti yake kwenye simu anausikia, mpaka binti akauliza, "Baba, upo?"

Sasa hebu jiwekeni mahali pake. Mtu amekaa na mashine umri wake wote. Mashine ikilia, inataka mafuta. Asubuhi tone, jioni tone, kila kitundu. Kwake hilo halikuwa jambo la kumuuliza mtu.

Alhamisi mkewe alipokwenda sokoni, Pindo alitoa lile kopo dogo la mafuta lenye mdomo mrefu. Akafungua gurudumu moja moja. Akadondoshea mafuta kwenye pedi za breki, akapaka kile chuma kinachobanwa na pedi, mbele na nyuma, kisha akafuta pembeni kwa kitambaa safi pasibaki doa. Nati akazikaza kwa kutazamana kama alivyofunzwa. Akazungusha magurudumu kwa mkono. Kimya. Usiku huo, kwa mara ya kwanza wiki ile, alilala.

Ijumaa akamkaribisha mkewe kwenye kiti cha mbele. "Twende ukaone nilivyoiva." Mkewe akakaa, mkoba magotini, mkanda amefunga. Mtaa wetu ni tambarare na Pindo aliendesha polepole kwa heshima, hivyo breki hakuzihitaji mpaka walipouanza mteremko wa gereji. Hapo akakanyaga.

"Unasikia?" akasema kwa furaha. "Kimya."

"Nasikia," mkewe akajibu. "Mbona hatusimami?"

Akakanyaga tena. Kisha mguu ukashika mwendo wake wa zamani, ukawa unapiga juu chini, juu chini, kama anamalizia oda ya shule nzima. Gari likaongeza kasi kana kwamba ndilo linaloshonwa. Akavuta breki ya mkono, ikaja kama uzi. Wakapita lango la gereji, Spana amesimama na chai yake. Dada mtu akampungia mkono, kwa kuwa ni mdogo wake na wamepita karibu. Mwisho wa mteremko kuna seremala, na mbele ya karakana yake kulikuwa na kichuguu cha maranda. Pikapu ikazama mpaka kwenye vioo. Maranda yaliyoruka yalitua mtaa wa tatu, watu wakafagia mpaka jioni.

Hakuna aliyeumia. Cherehani huko nyuma haikusogea hata kidogo.

Spana akaja mbio, akafungua gurudumu, akapitisha kidole, akakinusa.

"Shemeji, hiki ni nini?"

"Mafuta ya cherehani. Ni safi, hayaachi doa."

"Breki inashika kwa kukwaruzana. Wewe umeibembeleza."

Mkewe alikuwa anatoa maranda kwenye nywele, taratibu, moja moja. Alipomaliza akasema, "Basi la kesho linaondoka alfajiri."

Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana Pindo aliogopa. Mguu wake ukatulia tuli. Akilini akamwona binti yake akifungua mlango, mama yake ameingia peke yake, mikono mitupu.

"Sawa, utapanda basi," akasema. "Ila nipe mchana huu. Ukae hapa uniangalie."

Mkewe akageuza kreti, akakaa. Na Pindo akafanya kama mshonaji aliyekosea nguo ya mtu: akafumua yote tangu mwanzo. Pedi zilizolowa akazitupa. Akaosha vyuma kwa petroli, akavisugua kwa msasa, akaviosha tena. Akafunga pedi mpya, Spana amekunja mikono nyuma, haruhusiwi kugusa, anaongea tu. Mara kadhaa Pindo alitaka kurukia gurudumu la pili kabla la kwanza halijaisha. Alijikamata mwenyewe, akapumua, akarudi.

Jua likiwa limeinama, akaupanda mteremko na gari, akateremka. Karibu na lango akakanyaga. Kwiii. Gari likasimama, pua sawasawa na nguzo.

"Inalia," mkewe akasema.

"Wacha ilie," Pindo akajibu.

Mkewe akamgeukia mdogo wake. "Ameiva?"

"Ameiva upande mmoja. Wa pili ataivia njiani."

Mkewe akafungua mkoba, akatoa tiketi ya basi, akampa Spana. "Kanirudishie stendi."

Pindo akatoa macho. "Kumbe ulishakata?"

"Tangu Jumanne. Nimeishi na wewe muda gani?"

Jumamosi wakaondoka. Na sasa sikilizeni hapa. Katikati ya pori, mkanda wa feni ukakatika. Wa akiba hakuna. Pindo hakubabaika. Akavua suruali palepale, akaichana kiunoni, akashusha cherehani kando ya lami, malori yakipita yakipiga honi, akashona mkanda mpya wa tabaka nne. Ukawafikisha mpaka mlangoni kwa binti, na yeye akashuka akiwa amejifunga turubai...

"Endelea, jirani."

Nilikuwa kwenye benchi la duka, jamaa wamenizunguka. Nikageuka. Mke wa Pindo amesimama nyuma yangu, mche wa sabuni mkononi, na nje kuna pikapu.

"Karibuni, mmerudi lini?"

"Sasa hivi. Tulisimama kununua sabuni. Endelea, hapo alipovua suruali."

"Nilikuwa namalizia."

"Mkanda ulikatika kweli," akawaambia wote. "Wa akiba ulikuwa chini ya kiti. Akaufunga mwenyewe, mimi nimemshikia mwavuli, tukaondoka. Wewe ulikuwa umekaa wapi, kwenye rejeta? Suruali yenyewe hiyo hapo."

Pindo akajizungusha polepole, kila mtu akaiona. Kiuno kizima, hata kifungo hakijalegea. Jamaa, ambao dakika moja kabla walikuwa wangu, wakaanza kudai niwalipe faini ya uongo. Nikatia mkono mfukoni.

"Hela yako hatuitaki," mke wa Pindo akasema, akanipa ile sabuni, akanionyesha gari.

Pikapu ilikuwa na matope ya nchi tatu, mengine mekundu, mengine meusi, na wadudu waliokaukia kwenye taa. Mwenye duka akatoa ndoo bila kuombwa. Pindo alikaa kwenye benchi langu, akainuka, akazunguka gari, akakaa, mwishowe akachukua tambara aje kunisaidia.

"Mwache," mkewe akasema. "Bado hajafika kwenye magurudumu."

Nikapiga magoti.