Kidonda Kisichouma

Kazi ya sista ilikuwa kuingia majumbani mwa watu. Zahanati ilimpa mkoba, glavu, shashi za kufungia vidonda na mitaa ya kuzunguka, ikamwachia na miguu yake mwenyewe. Wengi wa wagonjwa wake walikuwa wazee ambao miguu ilivimba, ikapasuka juu kidogo ya kifundo na kukataa kupona. Wengine walikuwa wale waliolala mno mpaka kitanda kikaanza kuwala. Sista aliwaogopa zaidi hao wa pili. Kidonda cha mguu, alizoea kusema, angalau kina adabu, kikija kinabisha hodi kwa maumivu. Cha kitanda huanza ndani, kwenye mfupa, na siku unapokiona nje kimeshakula na kushiba.

Ilikuwepo nyumba moja tu aliyoingia bila kujiandaa kwa harufu. Hapo aliishi mwashi aliyeanguka kutoka kwenye jukwaa la ghorofa, akavunjika uti wa mgongo. Tangu siku hiyo, kuanzia kiunoni kwenda chini, hakuwa na habari na mwili wake. Ungeweza kumchoma kwa pasi na akaendelea kukusimulia habari za mpira. Watu wa namna hiyo hawadumu na ngozi nzima. Lakini Fundi, kama mtaa mzima ulivyoendelea kumwita, alikaa miaka bila mchubuko, na sababu ilikuwa mkewe.

Mke huyo alikuwa mwembamba, mwenye maneno machache. Alimgeuza mumewe ubavu huu, kisha ubavu ule, mchana na usiku, akimwekea mto katikati ya magoti na mwingine chini ya mashavu ya miguu ili visigino visiguse godoro. Akimwosha, alimkausha kwa kumgusagusa, hakumsugua. Kila asubuhi alimkagua mwili mzima kama mtu anayechambua mchele. Sista alipokuta familia iliyokata tamaa, aliwaambia waende wakamwone mke wa Fundi.

Ngozi ilikuwa nzima. Mwenye ngozi ndiye aliyenyauka. Fundi alikuwa amejenga nusu ya nyumba za mtaa ule, na sasa kazi yake ilikuwa kutazama ukuta akilazwa kushoto, na dirisha akilazwa kulia. Alipenda kumwambia sista kwamba ukuta ule umepigwa lipu vibaya, na aliyeupiga alistahili kushitakiwa. Ukimuuliza ni nani, alijibu ni yeye mwenyewe. Sista alicheka kila mara, ingawa aliona kwamba mzaha huo ulikuwa unazidi kupungua chumvi.

Ndipo mama mzazi wa yule mke akapatwa na kiharusi, mbali, safari ya kulala njiani. Hakuwa na binti mwingine. Ikabidi aende, na mdogo wake Fundi akahamia kushika zamu. Huyu aliitwa Kicheko, msukuma mkokoteni wa saruji, mtu aliyeweza kuwachekesha wafiwa wakasahau walichokuja kulilia. Shemeji yake alimfundisha kila kitu mbele ya sista, akamrudisha nyuma kila alipokosea, mpaka sista mwenyewe akaridhika. Asije mtu akasema Kicheko hakujua. Alijua, na alimpenda kaka yake.

"Nenda ukamuuguze mama, shemeji," alimwambia. "Huyu nitamlea kama yai."

Na alimlea. Alimgeuza, alimwosha, aliamka usiku akipepesuka kwa usingizi. Lakini hakuzoea kuona alichokizoea shemeji yake: kaka mkubwa, aliyemfundisha kazi na kumchapa makofi alipozembea, amelazwa kama gunia akiutazama ukuta. Pembeni ya chumba kilikuwepo kiti cha magurudumu kilichogeuzwa kabati la nguo, turubai la kukalia limelegea kama mfuko. Asubuhi moja Kicheko alimwaga nguo kitandani, akampakia kaka yake, akamsukuma hadi uwanja wa kufyatulia matofali, mtaa wa pili, na siku zilizofuata wakaenda tena.

Sista alipokuja zamu yake alikuta kitanda kitupu. Jirani akamwelekeza. Alimkuta Fundi chini ya kivuli cha bati, kofia kichwani, akimkaripia mtu mzima aliyeshika koleo. Mchanga ule ulikuwa na udongo, alisema. Tofali la mchanga ule litalia kabla ya mvua. Yule mtu akaanza kuumwaga bila ubishi. Sista alisimama kando asionekane. Hakuwahi kuisikia sauti ya Fundi ikipanda, na alijikuta anatabasamu peke yake kama mwehu.

Kisha akaomba kumtazama mwili. Walimsogeza nyuma ya stoo, Kicheko akamwinua, sista akapiga magoti. Fundi alikuwa amekalia mpira wa ndani wa gurudumu la gari, uliojazwa upepo. Kicheko aliutafuta mwenyewe na alijivunia. Na pale kwenye mfupa wa kukalia, upande wa kushoto, palikuwa na baka. Ngozi nyeusi haionyeshi wekundu. Inaonyesha weusi uliozidi, unaong'aa kidogo. Sista alipagusa kwa mgongo wa mkono, pakawa pa moto kuliko sehemu ya jirani. Akapabonyeza, pakawa pagumu.

Aliwaeleza kwamba mpira ule wa duara unakaba damu kote kandokando, na nyama ya katikati inakufa kwa kiu. Kicheko akautoa papo hapo, aibu imemjaa. Ngozi ilikuwa bado haijafunguka, sista akasema. Fundi akilala wiki mbili tatu bila kupakalia kabisa, pangepona.

"Usipoziba ufa, eti," Fundi alisema.

"Utajenga ukuta."

"Ukuta ninajenga tangu sijaota ndevu. Niambie jingine."

Kisha akaendelea, sauti chini ili mdogo wake asisikie. "Sista, kule kitandani mimi ni kitu cha kugeuzwa. Hapa jana wamebomoa safu nzima kwa sababu nimesema haijanyooka. Unakumbuka ni lini mtu alibomoa kitu kwa neno langu? Mimi sikumbuki."

Alipaswa kukataa. Vitabu vyote alivyosoma vilikataa. Lakini alikuwa ameiona ile sura chini ya bati, na miaka yote hiyo hakuwa ameiona. Basi wakapatana bei kama watu wa sokoni: kwanza alale mpaka baka lififie, kisha aende asubuhi tu, na kila baada ya muda mfupi Kicheko amshike makwapani amwinue, au amwinamishe mbele, damu ipite. Sista angeulizia tena ule mto maalumu wa kiti ambao zahanati iliagiza zamani, na kila alipouliza aliambiwa uko njiani. Njia hiyo, mganga mkuu alikiri siku moja, hata yeye hakujua inapitia wapi.

Siku chache baadaye sista alihamishiwa kampeni ya chanjo, mitaa ya upande wa pili. Alikataa kwa kadiri mtumishi mdogo anavyoweza kukataa, kisha akaenda. Hakuna aliyewekwa kushika nafasi yake.

Yaliyotokea huku nyuma aliyasikia baadaye, kutoka kwa Kicheko. Fundi alilala siku kadhaa, akasema inatosha. Uwanjani Kicheko alimwinua kama alivyofundishwa, mbele ya watu wote. Mpakiaji mmoja akauliza kama mtoto anataka kukojoa. Hakuwa na ubaya. Wale ni watu wa utani, na hata Fundi alicheka nao. Lakini walipofika nyumbani alimwambia mdogo wake asimwinue tena hadharani. Akihitaji, atasema mwenyewe.

Angehitajije? Hakusikia kitu. Asubuhi ikanyooka ikawa mchana, mchana ukawa jioni, na matofali yakatoka mazuri mpaka wateja wa mbali wakaanza kuyafuata. Kicheko aliona lengelenge, kisha lengelenge likapasuka, likabaki tundu dogo kama ukucha wa kidole kidogo. Alifungua vidonge vya rangi mbili, vile vya kuua vijidudu, akanyunyiza unga wake, kama watu wengi wanavyofanya. Alitaka kumwita sista. Kaka yake akamwapisha kwa kaburi la mama yao.

"Hakiumi," alimwambia. "Kidonda kisichouma kinamsumbua nani?"

Sista aliporudi kutoka kwenye chanjo alipita nyumba hiyo kabla hata ya kuripoti. Mlango ulikuwa wazi. Aliposhika tu kizingiti, pua yake ikamwambia yaliyobaki. Fundi alikuwa kitandani, macho yanang'aa kwa homa, akamkaribisha kwa heshima zote. Sista alivaa glavu akamgeuza. Tundu lenyewe lilikuwa dogo bado. Alipoingiza kijiti cha pamba kupima kina, kikaenda, kikaenda, akakizungusha na hakikugusa ukuta wowote, kisha ncha yake ikagota kwenye kitu kigumu, na akajua ni mfupa. Kidonda kilikuwa kama ubao ambao mchwa wameumaliza ndani wakaacha rangi ya nje.

Aliosha kwa maji ya chumvi, akakijaza shashi taratibu, shashi ikaisha, akafungua nyingine. Kicheko alikuwa amesimama mlangoni, kwa mara ya kwanza bila neno la kuchekesha.

Hospitali kubwa waliwapokea, wakamtia dawa za mshipani, wakamwongeza damu. Daktari alikuwa mtu mwema na hakuwaficha: mfupa ulishaoza, kuukata kulihitaji mwili wenye nguvu, na huu haukuwa nazo. Baada ya muda waliwarudisha nyumbani na vidonge na maelekezo ya usafi. Sista aliielewa lugha hiyo. Kicheko hakuielewa, akafurahi kwamba wameruhusiwa.

Mke alirudi siku iliyofuata, kwani taarifa ilichelewa kumfikia. Aliweka begi chini, akaitoa kanga begani akaifunga kiunoni, akaomba maji ya moto. Sista alikuwepo, na wakakifungua kidonda pamoja. Yule mke alikitazama muda mrefu. Mikono yake iliyojua kila pembe ya mwili ule ilibaki hewani, haijui ishike wapi.

"Nilikuachia ngozi nzima," alimwambia Kicheko, na hakugeuza kichwa kumtazama.

Fundi ndiye aliyejibu, uso umeelekea ukutani. "Mwache. Ni mimi. Nilikuwa na kazi."

"Na mimi nilikuwa na kazi gani hapa, miaka yote hii?"

Maji yalipopoa akaenda kuchota mengine. Tangu siku hiyo aliendelea kumgeuza mumewe kwa saa zilezile, kumwosha na kumlisha kijiko kwa kijiko, na sista hakumsikia tena akimsemesha zaidi ya lile la lazima: inua mkono, meza, nakulaza. Fundi alijaribu mzaha wake wa lipu. Haukupata mchekaji. Wale wa uwanjani walikuja mara moja, wakasimama kwa kubanana, wakafunika pua kwa hila, wakasema atapona tu. Hawakurudi, na pengine ni kheri.

Sista alifika kila siku, ruhusa au hakuna ruhusa. Alijua anachofanya ni kuosha tu. Homa ilipanda, ikashuka, ikapanda ikakaa huko. Fundi akaanza kuita vibarua majina, akiwaambia wasogeze kamba kushoto, kidogo tena, hapo hapo. Alifariki mchana, jua kali, mkewe akiwa ndiyo kwanza amemlaza ubavu wa dirishani. Mwanamke yule hakupiga yowe. Aliichomoa mito mmoja mmoja, akaikung'uta, akaipanga kwenye kona, kisha akakaa sakafuni akashindwa kuinuka, wakaja majirani kumshika.

Baada ya maziko, Kicheko alimfuata sista zahanati. Alisubiri foleni na wenye watoto wanaokohoa mpaka ikafika zamu yake. Alikuwa amekonda, shati linamwelea mabegani.

"Nakuuliza wewe kwa sababu wewe unajua," alisema. "Ni mimi niliyemuua?"

Sista alikuwa na majibu mengi tayari, maana swali lilelile alilala nalo na kuamka nalo. Angeweza kumwambia ni amri ya Mungu, na ingemtosha mtu mwingine. Alimtazama akaona haitamtosha huyu.

"Ni sote, Kicheko. Mimi nilimkubalia. Na yeye mwenyewe alitaka."

Aliwaza angalau mzigo ukigawanywa utapungua. Kicheko aliyapokea maneno yale, akayageuza kichwani, akaitikia. Kisha akasema kwamba kaka yake alicheka sana siku zile pale uwanjani, alicheka kuliko hata yeye, na sasa hajui afanye nini na jambo hilo, alifurahie au alilie. Akaaga, akatoka, na haukupita muda akauza mkokoteni akahama mji. Shemeji yake alikuwa ameshakwenda kwa mama yake mgonjwa. Hawakuagana.

Sista aliomba apangiwe kupima uzito wa watoto wachanga, kazi ya ndani, yenye makelele. Mganga mkuu alimsikiliza kwa huruma, akamwambia hana mtu mwingine wa kuzunguka. Akamtuma siku hiyohiyo kwa mzee mmoja aliyevunjika nyonga. Sista alimkuta amelala chali, mabinti zake wamemzunguka, shuka safi, chumba kinanukia sabuni. Alifunua miguu. Kisigino cha kulia kilikuwa kimeshakuwa cheusi, kikavu, kigumu kama ngozi ya kiatu. Binti mkubwa akamuuliza kama hilo ni tatizo, maana baba halalamiki kabisa.

Sista alivuta kigoda, akakaa, akaanza kuvaa glavu.