Mmea wa Maziwa Kando ya Reli

Mjukuu wangu alikuwa na siku tisa, na maziwa ya mama yake hayakuwa yakimtosha. Nilifunga safari kutoka Kimilili hadi Gilgil, kwa mwanangu Sitati, nikijua kabisa nitakachofanya. Kwetu mwanamke akikosa maziwa tunatafuta ule mmea mdogo ambao ukiuvunja shina unatoa maziwa meupe. Mama yangu alinichemshia mimi, nami nikawachemshia binti zangu watatu.

Asubuhi ya tatu, Sitati alipoenda kazini, nikatoka kuutafuta kando ya reli. Jua lilikuwa limekausha kila kitu. Nikaukuta umelala chini, umejitandaza kwenye changarawe, majani madogo kuliko punje za ndengu na maua ambayo lazima uiname ndipo uyaone. Nikavunja shina. Maziwa yakatoka, nami nikafurahi.

Ila wa kwetu husimama, tena una manyoya. Huu ulikuwa laini, umelala. Nikajiambia ni kiangazi tu kimeumaliza nguvu. Kwani mtu akikosa chakula, si hulala chini? Kichwa changu ni kigumu, hata marehemu mume wangu alilalamika.

Mkamwana wangu, Fancy, ni msichana wa Keringet mwenye maneno machache. Niliporudi aliyapiga majani picha kwa simu.

"Mama, simu inasema ziko mob, nyingi tu zinafanana. Zingine ni sumu."

"Hiyo simu imenyonyesha watoto wangapi?"

Akaiweka simu chini. Nikachemsha, nikachuja, nikampa kikombe. Mtoto alikuwa akilia kwa sauti nyembamba, sauti ya aliyechoka kulia. Fancy akakishika kikombe kwa mikono miwili. Nikaona anaogopa. Nikaona pia kwamba atakunywa, kwa sababu mimi ni mama mkwe na yeye amelelewa vizuri.

Aibu ilinishika hapo hapo. Nikampokonya kikombe, nusu ikanimwagikia kwenye leso.

"Usikunywe, mwanangu. Huu mmea siujui. Nilitaka tu uwe ule wa kwetu."

Nilitarajia anicheke, na ningestahili. Badala yake akaanza kulia.

"Hata mimi sijui kitu, mama. Kila mtu akikuja ananishow fanya hivi, fanya vile, nasema tu ati najua. Sijui hata kama namshika poa."

Nikaketi kitandani kando yake. Siku mbili nzima nilikuwa sijamwuliza anavyonyonyesha. Nilikuja na jibu mfukoni.

"Nionyeshe," nikasema.

Kumbe mtoto alikuwa akishika ncha ya chuchu tu. Tukamgeuza, tumbo lake kwa tumbo la mama yake. Akashika, akaachia. Tukajaribu tena na tena, na nikamwambia Fancy kwamba mtoto asipotulia tunaenda kliniki mara moja, nesi atuelekeze sote wawili. Mara ya tano tukamsikia akimeza.

Fancy hakusogea, ila aliushika mkono wangu.

"Usiende, mama."

"Niende wapi?" nikamwuliza, nikamsogelea karibu zaidi.